Dondoo Muhimu: Kidole Kimoja, Laini Mbili

Wizi wa utambulisho, yaani kitendo cha kutumia jina, namba ya kitambulisho au alama za vidole za mtu mwingine bila ridhaa yake, nchini Tanzania waweza kuanzia kwenye laini ya simu, kwa kuwa laini husajiliwa kwa Namba ya Utambulisho wa Taifa pamoja na alama za vidole. Wakala asiye mwaminifu humweleza mteja kwamba mashine haijasoma alama, akamrudisha kuweka kidole mara ya pili, kumbe amesajili laini nyingine ambayo baadaye hutumika kutapeli watu, na anayetafutwa na polisi huwa ni mteja yule asiyejua lolote. Hatari hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa hiyo kila aliyesajili laini anapaswa kupiga *106# ili ahakiki namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ile asiyoitambua aiwasilishe kwa mtoa huduma ifutwe.

Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa anayejitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu, na ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda namba 15040. Simu inapopoteza mtandao ghafla bila sababu, yawezekana namba imehamishiwa kwenye laini ya mhalifu. Mwenye namba aijulishe benki yake saa hiyohiyo, asisubiri kesho.