Darsa ya Ramadhani, siku ya 18: "Kesho insha Allah" ya mteja na ya mtoto



Ustadhi aliniomba niandike darsa ya leo kwa sababu wengi humu mnafanya kazi za mikono mkiwa nyumbani: keki, hina, ushonaji, fulana. Mimi ni wa kadi na mabango. Kompyuta iko kwenye meza ya chakula, printa juu ya kabati la vyombo, na wateja wote wamo ndani ya simu. Watoto watatu, mdogo wakati wa haya ninayosimulia alikuwa na miaka minne. Basi nisome kama unavyomsikiliza jirani yako, si kama unavyomsikiliza sheikh.

Ramadhani ya mwaka juzi kazi ziliingia kwa pamoja. Vipeperushi vya futari ya pamoja, kadi za Idi, na zaidi ya yote kadi za harusi, maana unajua Mfunguo Mosi ukiandama kila nyumba ina arusi. Nilikubali zote. Mteja akipiga simu namwambia, "Kesho insha Allah." Moyoni najua kesho haiwezekani. Akipiga tena namwambia, "Iko kwa mchapaji dada, foleni tu." Na faili lenyewe sijalifungua!

Siku moja nakaanga katlesi, nikamsikia mdogo chini ya meza. Kaweka rimoti mbovu sikioni, sauti ameilainisha kama yangu: "Insha Allah kesho, dada. Iko kwa mchapaji." Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika, nikabaki nimesimama mpaka katlesi zikaungua upande mmoja. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule kusema uongo ila mimi, tena kwa jina la Mwenyezi Mungu, tena na swaumu mdomoni.

Iko hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Amir. Alikuwa mtoto, mama yake akamwita aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) yupo nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama alikusudia kumpa nini. Akajibu tende. Akamwambia kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo mmoja. Angalia hapo: ni tende, na anayeahidiwa ni mtoto mdogo. Sasa jiulize kadi 200 za bibi harusi zinaandikwa nini.

Na hii "insha Allah" yetu. Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, tumekatazwa kusema kuwa tutafanya jambo kesho bila kuliunganisha na matakwa ya Mungu. Maana yake mtu ameshakusudia, ameshajipanga, kisha anakiri kuwa mwenye kesho ni Allah. Sisi tumeigeuza. Tunaitumia pale ambapo hatujakusudia kitu, ili mteja aone haya kutubana.

Nilichofanya kwanza ni kuhesabu masaa yangu kwa ukweli, na hesabu ile ilinitia aibu. Baada ya sala ya alfajiri mpaka watoto waamke, saa moja na nusu. Wakiwa shule, kama masaa matatu ukitoa sokoni na kufua. Mchana nguvu hakuna, alasiri ni jiko. Usiku baada ya tarawehe nilikuwa naiba mawili matatu, na hayo ndiyo yaliyonigharimu kama nitakavyokueleza. Kadi moja ya harusi inanila masaa mawili kuichora, kisha mama wa bwana harusi anataka jina lake lipande juu, kisha shangazi anataka dhahabu badala ya fedha, kisha nusu siku Kariakoo kwa mchapaji. Kwa wiki naweza tatu. Nilikuwa nimepokea tisa.

Kwa hiyo sasa nasema, "Hapana, wiki hii sina nafasi." Ukilizoea, halichomi mdomo. Wengine huenda kwingine na riziki yao inakwenda nao, sawa. Wengine wanasubiri.

Pili, naandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 Suratul Baqarah, inazungumzia kuandikiana deni, na sisi tunaona haya kuandikiana kadi! Namtumia mteja ujumbe mmoja: idadi, majina yalivyoandikwa herufi kwa herufi, bei, marekebisho mawili bure na la tatu kwa malipo, siku ya kuchukua. Anajibu "nimekubali". Kazi ya kuagizwa kama hii mafakihi wanaiita istisnaa, na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu liliijadili Jeddah mwaka 1992 likaipitisha, kwa sharti kwamba kitu kielezwe sawasawa na muda uwekwe wazi. Muda uwekwe wazi. Siyo "kesho kesho".

Arubuni nachukua nusu. Je, mteja akighairi, arubuni ni yako? Hapo wanazuoni wamehitilafiana: wengi wamekataza, Imam Ahmad ameruhusu, na baraza hilo hilo mwaka 1993 liliruhusu ikiwa muda wa kusubiri umetajwa. Mimi namweleza mteja kabla hajatuma pesa, na nikiwa sijaanza kazi namrudishia yote. Wewe muulize ustadhi kuhusu hali yako.

Sasa masaa ya usiku. Kadi 150, juu yake aya ya 21 ya Suratur Rum, ile ya mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Nikaimalizia saa saba usiku macho yanafumba. Wenye kazi hii wanajua: ukibandika Kiarabu kwenye programu ambayo hukuiwashia Kiarabu, herufi zinaachana na kujipanga kinyume, kutoka kushoto. Anayesoma Kiarabu anaona mara moja. Mimi nasoma, nimekhitimu chuoni, lakini usiku ule sikusoma, nilitazama tu. Mchapaji yeye hasomi. Babu wa bwana harusi ndiye aliyefungua bahasha ya kwanza. Hakunigombeza, alinirudishia kadi na kusema, "Mwanangu, hii si aya." Nilichapa upya kwa pesa yangu ya nguo za Idi za watoto. Zile 150 tulizichoma kwa heshima, hatukuzitupa jaani. (Na wewe unayealikwa: kadi yenye aya ukishatoka harusini unaiweka wapi? Siku hizi nashauri wateja waandike maneno ya dua kwa Kiswahili, tena inapendeza.)

Tangu hapo usiku wa tarawehe sifungui kompyuta, na hizi kumi za mwisho zinazokuja nimewatangazia wateja mapema kwamba usiku ni wa ibada. Hakuna aliyenuna. Simu nayo inaingia kwenye droo nusu saa kabla ya maghribi. Katika Suratul Jumua tumeamrishwa kuacha biashara unapoadhiniwa, kisha sala ikiisha tutawanyike tukatafute fadhila za Allah. Aya ni ya Ijumaa, lakini mimi nimejifunzia humo adabu ya kila siku: kazi ina pa kuishia, na ikishaishia, ina pa kurudia.

Akina baba, msipite. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imo ndani ya Bukhari. Mume wangu sasa ndiye anayekoroga uji wa futari siku nikiwa Kariakoo. Mara moja una madonge, mara nyingine chumvi badala ya sukari. Tunakunywa.

Na dada unayejiona mnyonge kwa sababu pesa yako ya kadi inaishia kwenye ada na unga, mkumbuke Zainab, mke wa Ibn Mas'ud. Zipo riwaya zinazosema alikuwa fundi wa mikono akiuza alichotengeneza, na matumizi ya nyumbani yakimalizikia humo. Alihofu kwamba hapati thawabu. Akapeleka swali lake kwa Mtume, jibu likaja kwamba ana ujira mara mbili: wa kuunga jamaa na wa sadaka.

Mdogo wangu sasa ana sita, anafunga mpaka adhuhuri. Juzi aliniuliza lini nitamchorea nembo ya timu yake ya mtaani. Nikafungua daftari mbele yake, nikamwonyesha Alhamisi. Ameichorea nyota.

Darsa ya kesho, insha Allah ya kweli hii, ni zaka ya biashara ndogo. Hesabu karatasi, vitambaa na bidhaa ulizonunua ili uuze. Printa na cherehani ziache, zenyewe ni vyombo vya kazi.