Wadhamini Watatu Utawatoa Wapi?

Wadogo zangu, leo naomba mfungue tangazo lolote la nafasi za kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mshuke hadi kwenye masharti ya jumla. Mtakuta wanataka cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo, na CV yenye majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Vyeti vyote hivyo mtavipata, maana kila kimoja kina ofisi inayokitoa. Wadhamini hawana ofisi. Ndipo wengi wanapokwama: binti ana GPA ya 3.8, lakini akifika kwenye wadhamini anaandika mjomba wake, mwenyekiti wa mtaa na mchungaji.

Sina neno na mjomba. Ila mwajiri akimpigia simu, atasema nini zaidi ya "ni mtoto mzuri, ana heshima"? Mwajiri anamtafuta mtu aliyekuona ukiwa kazini, anayejua kwamba ukiahidi kitu Alhamisi unakileta Alhamisi, na ukiharibu unasema mapema. Mtu wa aina hiyo hapatikani siku tatu kabla ya tangazo kufungwa. Anapatikana polepole, tangu mwaka wa kwanza, na kwa maoni yangu hayo ndiyo maandalizi ya kazi yenyewe, kuliko zile semina za Jumamosi mnazorudi nazo na cheti cha ushiriki na fulana.

Tuanze darasani. Najua ukumbi wa mwaka wa kwanza unajaa hadi wengine mnakaa kwenye ngazi, na mhadhiri hawezi kumjua mtu kwa sura. Lakini kozi zina semina, na semina zina TA ambaye anawaona mkiwa wachache. Huyo mfuate. Nenda ofisini kwake na swali ulilokwishahangaika nalo kwenye kimbweta, si kwenda kulilia alama za kozi mtihani ukikaribia. Leo ni TA, kesho utasikia amemaliza shahada ya uzamivu na yuko kwenye kamati fulani. GPA pia msiidharau: kwenye vyuo vyetu vingi daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na anayetaka kubaki chuoni kufundisha au kuomba ufadhili wa shahada ya pili hana njia ya mkato. Ukishavuka hapo, sidhani kama nje ya chuo kuna mwajiri atakayekuchagua kwa sababu una 3.9 na mwenzako ana 3.7.

Halafu kuna kazi za kikundi. Yule anayetokea siku ya kukusanya kuuliza "jina langu mmeliandika?" anadhani amewashinda akili wenzake. Wenzake hao ndio watakaokuwa maofisini baada ya miaka kumi, na watakuwa hawajasahau.

Sasa fildi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo nafasi mnayoichezea kuliko zote. Mnapewa kama wiki nane, na wengi wenu mnafikiria kitu kimoja tu: ofisi gani iko karibu na nyumbani. Kuokoa nauli ni jambo la busara, sikatai. Lakini anza kuandika barua za maombi mapema, muhula wa kwanza, usisubiri mwezi wa sita. Na usikimbilie makao makuu ya taasisi kubwa Dar es Salaam kwa ajili ya jina. Huko mtakuwa wanafunzi kumi na wawili mnagombea viti vitatu, na hakuna atakayekumbuka kama ulikuwepo. Kwenye halmashauri ya wilaya au kampuni ndogo, ambako mhasibu anazidiwa na kazi, wiki ya pili tu utakuwa umeshika vocha za malipo kwa mikono yako.

Watakutuma kutoa kopi. Toa, lakini soma unachokitoa. Watakupa mafaili ya kupanga. Yapange, kisha muulize msimamizi kwa nini hili linakwenda masijala na lile linabaki kwake. Kikao kikiisha, omba uandike rasimu ya muhtasari, hata kama atairudisha imejaa wino mwekundu. Kitabu cha kumbukumbu kijaze kila jioni, si usiku wa mwisho kwa kunakili cha mwenzako. Siku ya kuaga, muombe msimamizi ruhusa ya kumwandika kuwa mdhamini wako, uchukue cheo chake kamili na namba yake. Ukirudi chuoni usipotee. Ujumbe wa salamu wakati wa sikukuu na taarifa fupi ukimaliza chuo vinatosha.

Kuna wanaodai malipo kwa huo udhamini. Nasema na wasichana hasa, ingawa wavulana nao yanawakuta. Bosi au mhadhiri anayetaka mwili wako ili akupe alama, nafasi au barua ya kukusifia anatenda kosa la jinai, chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake hata mmoja. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Ukikubali, usidhani deni limeisha. Atakuwa na namba yako na wewe utakuwa unahitaji jina lake kila unapoomba kazi.

Mdhamini wa tatu mtafute nje ya darasa. Uweka hazina wa chama cha kitaaluma, kazi ya muda ya kukusanya takwimu, kujitolea kwenye asasi: popote ulipokabidhiwa kitu ukakirudisha salama, yupo mkubwa aliyeona.

Na kama fani yako ina bodi, ulizia masharti yake ukiwa bado unasoma. Shahada ya sheria haikufanyi wakili, kuna Shule ya Sheria mbele yako. Mhasibu ana mitihani ya NBAA. Mhandisi anasubiriwa na ERB, ambayo tangu 2003 ina mpango wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi waliosajiliwa kabla nao hawajasajiliwa. Ona basi, hata huko bado mtu fulani lazima aseme kwamba amekuona ukifanya kazi.

Kabla sijasahau: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha NECTA vile, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu lililokosewa herufi. Rekebisheni sasa mkiwa na muda, na vyeti halisi vya sekondari mvifuate shuleni, maana zile karatasi za matokeo Sekretarieti haizipokei. Kwenye bumu nako dondosheni pembeni kidogo kidogo. Usaili unaweza kukuita Dodoma wakati mfukoni hamna hata nauli ya kwenda mjini.

Kwa hiyo wiki hii chukua karatasi, andika majina matatu ya watu wasio ndugu zako waliowahi kukuona ukifanya kazi. Wa mwaka wa kwanza, karatasi ikibaki tupu usiogope, Jumatatu nenda kwenye semina ukakae mbele. Wa mwaka wa tatu, wewe usingoje mahafali. Wahadhiri huenda masomoni, wasimamizi huhamishwa vituo, na namba za simu hubadilika. Kaombe ruhusa sasa.