Somo la Jamaa: Maneno Yaliyofichika Ndani ya Neno Moja



Katika toleo hili tunawaletea somo la kufanya nyumbani jioni, wazazi pamoja na watoto. Halihitaji pesa, wala daftari jipya, wala umeme. Tunachukua neno moja ambalo kila mtu analijua, tunazitawanya herufi zake, kisha tunatafuta maneno mengine madogo yanayoweza kujengwa kwa herufi hizo hizo. Sisi tunaofundisha darasa la kusoma na kuandika kanisani tumelifanya mara nyingi. Mtoto anajifunza kuandika maneno bila makosa huku anacheka, na mtu mzima anayeanza kusoma anapoteza ile aibu ya kushika chaki.

1. Vifaa

Kata katoni ya zamani katika vipande vidogo. Juu ya kila kipande andika herufi moja kwa kalamu au kwa makaa. Herufi ikitokea mara tatu katika neno, andika vipande vitatu.

2. Kanuni

(a) Kila kipande kitumike mara moja tu katika neno moja.
(b) Hakuna kuazima herufi isiyokuwamo.
(c) Anayetaja neno aeleze maana yake, au alitie katika sentensi.
(d) Majina ya watu na ya miji hayahesabiwi.

3. Mfano wetu

Darasani tulichukua neno WAKIMBIZI. Tulilichagua kwa sababu hakuna kati yetu asiyelijua. Limo katika karatasi zetu na katika midomo ya watu kila siku. Lina herufi 9: W, A, K, M, B na Z mara moja moja, na I mara tatu.

Anza na silabi. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na hapa irabu ni A na I tu. Kwa hiyo kila neno tutakalopata litaishia kwa moja ya hizo mbili. Weka KA, kisha ZI: unapata KAZI. Geuza silabi hizo: unapata ZIKA. Weka WA na ZI: unapata WAZI. Geuza tena: unapata ZIWA. Watoto hupenda sana kugeuza namna hii.

Halafu tafuta herufi zinazopenda kukaa pamoja. M na B hutoa IMBA, KAMBI, WIMBI na MBIZI, kama mtu anayepiga mbizi majini. M na W hutoa MWIBA.

Makosa nayo yanafundisha. Mtu mmoja aliandika WAKAZI. Tukamwambia ahesabu A: anahitaji mbili, naye anayo moja tu. Akafikiri, akaandika MKAZI, na hilo likakubaliwa. Mwingine akaandika ZAMBI. Hapo kulikuwa na mabishano makubwa, kwa maana wengi wetu kutoka Kongo tunasema hivyo. Lakini katika Kiswahili sanifu ni DHAMBI, basi halikuhesabiwa.

4. Yaliyotokea siku ile

Neno la kwanza kabisa liliandikwa na mvulana wa miaka kama kumi. Alikwenda ubaoni bila kuchelewa, akaandika MWIZI. Darasa likanyamaza. Tukamwuliza amelipataje upesi hivyo. Akasema, "Njiani kwenda shule wananiita hivyo. Wanasema wakimbizi ni wezi." Ndugu yake akaongeza MBWA, kwa sababu hiyo hiyo.

Mmoja wetu alichukua kitambaa afute. Bibi mmoja, aliyeanza kujifunza herufi mwaka ule ule, akamzuia. "Acha, mwalimu. Mtoto amesoma vizuri. Neno limo." Kisha akaomba vipande. Akavipanga polepole juu ya benchi, akitaja kila herufi kwa sauti: W, I, M, A. Akainua kichwa akasema, "Na hili nalo limo."

Baada ya hapo maneno yalikuja kama mvua. Akina mama walipata KAZI na BAKI. Vijana walipata KIMBIA, KIZIMBA na MKIA. ZIWA lilipotajwa, baadhi ya wazee waliinamisha macho. Kati yetu wapo wenye jamaa waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kivu ya Kusini mwaka 1996, na wapo waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri mwaka 2018. Hao hawakuhitaji kuelezwa maana ya WIMBI.

Mwisho tulimwita yule mvulana ahesabu herufi za MWIZI. Tano. Ahesabu na za MKAZI. Tano. Yote mawili yamo katika neno moja, na hakuna lenye haki kubwa kuliko lingine. Hatukumwambia kwamba kesho njiani hawatamwita tena, maana hatuna uwezo wa kuahidi hilo. Tulimwambia kwamba anayemwita kwa neno moja tu amesoma kidogo sana. Ubaoni yalikuwepo maneno 20.

5. Tahadhari

Ndugu mmoja aliuliza kama ni ishara kwamba KAMBI limo ndani ya WAKIMBIZI. Tulijibu hapana. Herufi za lugha ni chache na maneno ni mengi, basi lazima yakutane. Tusitafute unabii katika vipande vya katoni. Lakini tupambanue: KIMBIA na WAKIMBIZI ni ndugu wa kweli, kwa sababu mkimbizi ni neno lililotokana na kukimbia. KAMBI limeokotwa tu kwa bahati. Mfundishe mtoto kuuliza kila mara: je, haya ni ndugu, au wamekutana njiani tu?

Wala mtu asidhani kwamba kushughulika na herufi ni jambo la kitoto. Kitabu cha Maombolezo kinalia juu ya kuanguka kwa Yerusalemu, zaidi ya miaka 580 kabla ya Kristo, wakati watu wengi walipohamishwa kwao. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina aya 22 kila moja, na kila aya inaanza na herufi yake. Sura ya 3 ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Katika tafsiri zetu mpango huo hauonekani, lakini upo. Watu waliopoteza mji wao walipanga kilio chao herufi kwa herufi.

6. Neno ambalo halikupatikana

Tulipokuwa tunafunga, msichana mmoja alijaribu kuandika KIMBILIO. Alipanga K, I, M, B, I, na I ya tatu pia anayo. Akakwama. Zimekosekana herufi mbili tu, L na O. Akauliza, "Tunaweza kuazima?" Tukamkumbusha kanuni (b).

Yule bibi akacheka. "Kanuni ni ya mchezo, mwanangu. Kimbilio hata siku moja halikutoka kwa anayekimbia peke yake. Hizo herufi mbili huletwa na yule anayefungua mlango." Msichana akaliandika neno hilo pembeni ya ubao, nje ya hesabu, na hakuna aliyelifuta.

7. Zoezi la nyumbani

Chukueni neno MAHINDI. Lina herufi 7. Tafuteni:
– neno la herufi 4, jambo la ibada;
– neno la herufi 5, ambalo bila hilo hatungekuwa kanisani;
– neno la herufi 6, linalochimbwa ardhini, nasi tunajua limetuletea nini;
– neno linalotumia herufi zote 7, maana yake kumsimamia mwingine na kubeba deni lake akishindwa.

Majibu (msiyasome kabla ya kujaribu): DINI, IMANI, MADINI, DHAMINI.

Mungu awabariki, na jioni njema.