Simu yako inajua shamba lako liko wapi

Somo la leo si la mpunga wala muhogo, lakini linagusa shamba vilevile.

Siku hizi, mradi ukiandikisha wakulima katika bonde la Ruzizi, karani anazunguka shamba na simu mkononi. Kila kona simu inachukua namba za ramani. Kazi hiyo ni nzuri: tunajua ukubwa wa shamba na mahali maji yanapofika. Lakini orodha ikiweka pamoja jina, namba ya simu, mahali pa shamba na magunia ya mavuno, mwizi akiipata hana haja tena ya kuuliza njia. Huku kwetu, penye wizi wa ng'ombe na watu kutekwa njiani, hilo si jambo dogo.

Simu inajuaje? Kwanza, ikiwa imewashwa inaongea na antene, na kampuni ya mtandao inaona ni antene gani. Pili, GPS inapokea alama za satelaiti na kujua mahali ulipo kwa mita chache, hata pasipo mtandao.

Usiseme, «Jina langu halimo, niko salama.» Januari 2018 watu waligundua kwamba ramani ya Strava, programu ya wanaofanya mazoezi ya kukimbia, ilionyesha kambi za askari huko Syria na Afghanistan. Hakuna jina lililoandikwa; njia walizopita zilitosha.

Basi tufanye hivi:

1. Funga lokalizasioni ukimaliza kuitumia. Angalia pia programu gani umezipa ruhusa. Toshi ya simu haina haja ya kujua uko wapi.

2. Kwenye WhatsApp, ukituma mahali ulipo kwa muda, unafuatwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Mtumie mtu mmoja unayemwamini, si grupu nzima. Ukifika, simamisha.

3. Picha inaweza kubeba namba za mahali ilipopigwa. Zima mahali kwenye kamera kwanza.

4. Karani akija, muulize: Nani ataona orodha? Itakaa wapi, mpaka lini? Kuuliza si kukosa adabu.

5. Kamati isitume orodha nzima kwenye grupu. Anayegawa mbegu anahitaji jina na kilo. Ramani ya nini? Simu yenye orodha iwe na namba ya siri.

Sheria ya dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu inayolinda habari za mtu binafsi. Kwa hiyo mnaomba haki, si upendeleo. Na sisi wa mradi tunashika orodha zenu: maswali ya namba 4 muanze kutuuliza sisi.

Ya kujadili katika mkutano: orodha ya koperative yetu iko kwenye simu ngapi leo? Ni nani ameiona, na alikuwa na haja gani nayo?