SAUTI YA MZEE ILIYOGOMA KUSIKIKA



Zamani za kaseti mambo yalikuwa rahisi. Kampuni ya Philips ilitoa kaseti ya sauti mwaka 1963, na viwanda vingine vikafuata kipimo kile kile. Kaseti uliyorekodi kwako iliingia katika redio ya jirani, ikasikika. Siku hizi tunarekodi kwa simu, na sauti huwekwa katika faili. Kila faili ina muundo wake, na si kila redio inaujua.

Sisi walimu tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Tulimrekodi mzee mmoja akieleza jinsi kisima cha kijiji kilivyochimbwa. Miezi michache baadaye akafariki. Wajukuu wakaja darasani kumsikiliza. Tukatia kadi kwenye redio ndogo: kimya! Kijana mmoja akabadili jina la faili, akaandika MP3 mwishoni. Kimya vile vile. Ukiandika "sukari" juu ya mfuko wa chumvi, je, chai itakolea?

Simu yetu ilirekodi kwa muundo wa M4A. Redio ile ilijua MP3 tu.

Ijue miundo hii:

1. WAV. Ulitolewa na IBM na Microsoft mwaka 1991. Kwa kawaida huweka sauti yote bila kuipunguza. Dakika moja yenye ubora wa CD hujaza megabaiti 10 hivi.

2. MP3. Ulitengenezwa Ujerumani. Hutupa sauti ambazo sikio halizitambui vizuri, hivyo dakika moja huweza kujaa megabaiti 1 tu. Redio nyingi za kadi huupokea.

3. M4A. Nao hupunguza sauti. Simu nyingi za kisasa hurekodi hivi.

4. AMR. Hupatikana katika simu nyingi ndogo. Unafaa maongezi, ngoma na kwaya hazitoki vizuri.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kazi yenyewe, rekodi maneno machache tu, kisha yajaribu katika redio itakayotumika.

Pili, redio ikikataa, geuza faili kwa programu ya kompyuta. VLC ni mojawapo, nayo hailipiwi.

Tatu, faili ya kwanza usiifute! Kilichotupwa na MP3 hakirudi, hata ukiigeuza kuwa WAV.

Nne, angalia kadi. Redio nyingi za zamani hazisomi kadi inayozidi gigabaiti 32.

Bahati nzuri, faili ya mzee tulikuwa hatujaifuta. Tuliipeleka mjini kwa mwenye kompyuta, akaigeuza. Jumapili iliyofuata mzee alisikika tena, na wajukuu wakajua ni nani waliochimba kisima wanachotekea maji.

MASWALI
1. Kwa nini kubadili jina la faili hakukusaidia?
2. Kwaya yenu ikirekodiwa kwa AMR, itakuwaje?
3. Kwa nini tusifute faili ya kwanza?