TUTAMBUE MAPEMA MENO YANAYOOZA

Watu wengi huenda kwa daktari wa meno siku wanaposhindwa kulala. Siku hiyo mara nyingi dawa ni kung'oa tu. Lakini kuoza hakuanzi na maumivu. Huanza kimya kimya.

Jino huozaje?
Wapo wasemao kuwa jino huliwa na funza. Si kweli. Kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tukila vitu vya sukari, vijidudu hivyo huigeuza sukari kuwa asidi. Asidi hula ganda gumu la jino.

Kutazama nyumbani
Mtoto apige mswaki kwanza. Kisha msimamishe penye mwanga wa jua. Kausha meno yake kwa kitambaa safi. Doa jeupe kama chokaa, hasa karibu na ufizi, ni dalili ya kwanza. Jino likiwa na mate, doa hilo hujificha. Hapo jino bado linaweza kupona. Apige mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye madini ya floraidi, tena apunguze vitu vitamu. Tundu likishatoboka, halijifungi lenyewe. Lazima lizibwe.

Litazame sana gego la miaka 6. Huota nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni jino la utoto. Sivyo. Likipotea, haliotI jingine.

Meno ya kahawia
Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Singida, maji mengine yana floraidi nyingi mno. Floraidi kidogo hulinda jino. Ikizidi mtoto angali mdogo, huharibu rangi ya meno yake. Rangi hiyo hushika meno mengi, kushoto na kulia kwa kufanana. Huko si kuoza. Kuoza huanzia kwenye mifereji ya magego, kati ya meno, au kando ya ufizi.

Kwa daktari
Daktari hutumia kioo kidogo na taa. Hukausha jino kwa hewa. Hachokonoi doa kwa nguvu kwa chuma chenye ncha, maana anaweza kulitoboa. Kati ya meno macho hayafiki, kwa hiyo hupiga picha ya eksirei. Pia hugusisha jino kitu cha baridi. Maumivu yakiisha mara moja, kiini cha jino bado kinaweza kuokolewa. Yakidumu, kiini kimeumia. Jino lisilosikia baridi kabisa huenda limekufa. Basi, jino lililouma sana likanyamaza, usidhani limepona.

Hatari
Uso ukivimba, homa ikipanda, au mgonjwa akishindwa kumeza au kufungua kinywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usaha unaweza kuenea shingoni na kumwua.

Maswali ya kujadili
1. Dalili ya kwanza ya kuoza ni ipi?
2. Kwa nini tunakausha jino kabla ya kulitazama?
3. Ni watoto wangapi nyumbani kwako wenye gego la miaka 6? Watazame leo.