SOMO LA MWEZI: BARUA ZITOKAZO MBALI

Mwezi huu tujifunze habari za Chauncy Maples. Hakuwa wa kanisa letu, bali wa misheni ya UMCA. Walakini somo lake latufaa sote.

Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Mwaka huohuo Maples alifika Unguja, umri wake miaka 24, na mwaka uliofuata akapanda Masasi. Huko alikutana na homa, upweke, na lugha za Wayao na Wamakua, ambazo ilimpasa kujifunza kama mtoto. Faraja yake moja ilikuwa kuwaandikia jamaa zake Uingereza. Barua ilichukuliwa na wapagazi mpaka Lindi, ikangoja chombo cha Unguja, ndipo ikavuka bahari. Basi aliyeisoma nyumbani aliombea homa iliyokwisha kupoa, wala hakujua habari za ugonjwa mpya.

Septemba 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia Masasi. Watu waliokwisha kuonja uhuru wakachukuliwa mateka. Padre Porter aliwafuata mpaka nchi ya Wangoni ili awakomboe. Maples naye alifanya kazi Newala, kwa mfalme Matola, juu ya uwanda wa Wamakonde, ambako maji yaliteremkiwa bondeni.

Hakurudi nyuma. Mwaka 1886 alikwenda Likoma, na mwaka 1895 akawekwa kuwa askofu. Tarehe 2 Septemba mwaka uo huo dhoruba ilipindua mashua yake katika Ziwa Nyasa, akafa maji. Mwaka 1897 dada yake alichapisha habari za maisha yake pamoja na barua zake. Zile karatasi zilizotunzwa nyumbani ndizo zatufundisha leo.

Ndugu, mtu akisema, “Nimechoka, naogopa,” tusidhani imani yake imekufa. Paulo naye aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, wala hakuficha kwamba alihitaji msaada wao. Aliye mbali akinyamaza juu ya taabu yake, nani atamchukulia mzigo?

Maswali ya kujiuliza:
1. Ni nani wa usharika wetu anayefanya kazi mbali?
2. Barua yake ya mwisho tuliijibu lini?
3. Je, tulimpa nafasi ya kusema kweli, au tulitaka habari njema tu?

Aliye na deni la barua, na ailipe juma hili.